Kanda za zamani za mtaani kwenu: namna ya kuzihamisha kwenye kompyuta bila kupoteza historia iliyomo

Kama umekulia pwani, iwe Tanga, Pangani, Bagamoyo, Kilwa, Unguja au Mombasa, kuna uwezekano mkubwa nyumbani kwenu au kwa jirani kuna boksi la kanda za kaseti ambalo hakuna aliyeligusa toka redio kaseti ilipoharibika. Watu wakiziona wanafikiri ni miziki tu. Si miziki tu. Miaka ya 70, 80 mpaka 90 redio kaseti yenye kitufe chekundu cha kurekodi ilikuwa ndo daftari la familia, watu walirekodi harusi, maulidi, malumbano ya mashairi, mkutano wa kijiji, bibi anawatolea wajukuu hadithi, na waliokuwa na ndugu Maskati au Dubai walitumiana barua za sauti, mtu anakaa chini anaongea nusu saa nzima, anasalimia mmoja mmoja kwa jina, anaeleza nani kafa nani kaolewa na mvua za mwaka huo zilikuwaje. Historia ya mtaa iko humo, na sehemu kubwa haijaandikwa popote.

Tatizo ni muda, na muda wa aina mbili. Kanda yenyewe inachakaa, lakini wazee wanaozijua zile sauti ndo wanaondoka kwa haraka zaidi. Mi naona kanda iliyohamishwa vizuri kabisa lakini hakuna anayejua nani anaongea ina thamani ndogo kuliko kanda yenye mikwaruzo ambayo Bi Fulani amekaa akasema huyu ni kaka yangu, hapa ni nyumbani kwa mjomba, ilikuwa mwaka ule wa mafuriko. Kwahiyo katika mwongozo huu mambo ya mashine nimeyaeleza, ila hatua ya sita ndo roho ya kazi yote, ukiwa na haraka ruka kwingine kote lakini hiyo usiiruke.

Hatua ya 1: Zitafute, na ujue zipi za kuanza nazo

Anza na nyumba za wazee, kisha msikitini na madrasa, kanisani, kwa waliokuwa viongozi wa vikundi vya ngoma na taarabu, kwa malenga wa mtaa, na kwa fundi redio wa zamani maana hao wengi wana kanda ambazo wateja hawakurudi kuzichukua. Kanda za madukani, zile zenye kava lililochapishwa, ziweke pembeni kwanza kwa sababu nakala zake zipo kwa watu wengine wengi. Unachotafuta ni kile kilichorekodiwa mara moja tu duniani, zile zenye mwandiko wa kalamu.

Ila usiamini mwandiko peke yake. Watu walikuwa wanarekodi juu ya kanda iliyokwishatumika, wanaziba vile vitundu vya nyuma vinavyozuia kurekodi kwa selotepu au karatasi alafu wanarekodi upya, kwahiyo kanda ya kava la muziki wa dansi inaweza ikawa na babu wa watu anasimulia habari za manamba wa mashamba ya mkonge upande wa B. Ukiona vitundu vimezibwa, hiyo isikilize mapema.

Ukichukua kanda ya mtu mwandikie karatasi: jina lake, kanda ngapi, tarehe, na lini utarudisha. Na urudishe kweli. Mtaa mzima unaangalia utaifanyaje ya kwanza, ukichelewesha hiyo hupati nyingine.

Hatua ya 2: Namba na picha

Kabla hujacheza chochote kila kanda ipe namba, fupi tu, mfano PNG-014 kama ni Pangani, na upande A na B. Bandika namba kwenye kanda yenyewe na kwenye kasha. Piga picha pande zote mbili, kava ndani na nje, na kijikaratasi chochote kilichomo. Maandishi ya kava usiyafute wala usiyarekebishe hata kama yamekosewa, "Arusi ya Mwanaidi tafazali usifute" ni ushahidi kamili, nani kaandika, anaandikaje, na kwamba aliogopa itafutwa.

Hatua ya 3: Iangalie hali yake

Kwanza vunja vile vipande vidogo viwili vya plastiki nyuma ya kanda kama bado vipo, na kama vimezibwa toa kizibo. Hapo hata mtu akibonyeza rekodi kwa bahati mbaya haitafuta kitu.

Alafu chungulia kwenye kidirisha. Ukiona unga mweupe au wa kijivu kwenye mkanda hiyo ni kuvu, na pwani kwetu kwa unyevu huu utaikuta sana. Usiicheze! Ukiicheza unachafua mashine na mashine inaambukiza kanda zote zinazofuata, na unga wake si mzuri kifuani. Ifunge kwenye mfuko peke yake, andika, iache mpaka upate mtu mwenye uzoefu wa kuisafisha.

Angalia pia kile kijipamba kidogo katikati kinachousukuma mkanda kwenye hedi, ile sehemu ya mashine inayosoma sauti. Kikianguka, na gundi yake huwa inakauka, sauti inakuwa hafifu inakuja na kuondoka, watu wanadhani kanda imekufa kumbe ni pamba tu. Unatoa kingine kutoka kwenye kanda tupu isiyo na maana. Kanda zenye skurubu zinafunguka kirahisi, zile zilizogandishwa kwa gundi inabidi gamba livunjwe taratibu na mkanda uhamishiwe kwenye gamba jingine lenye skurubu, kazi hiyo mpe fundi mwenye mkono mtulivu. Mkanda ukikatika usiunge kwa selotepu ya kawaida, gundi yake inavuja na kushikanisha mizunguko ya jirani, kuna tepu maalumu ya kuungia.

Kanda iliyokaa miaka bila kuchezwa izungushe kwanza kwa kalamu kidogo uone kama inazunguka laini, kisha iendeshe mbele yote na kuirudisha yote mara moja kabla ya kurekodi. Zile za dakika 120 kuwa nazo makini zaidi kwa sababu mkanda wake ni mwembamba, unavutika na kujiviringa kirahisi.

Hatua ya 4: Mashine

Usinunue vile vidude vya plastiki vya bei chee vyenye waya wa USB ambavyo vinatangazwa kila mahali, spidi yake inayumba na sauti inatoka nyembamba. Deki ya zamani nzuri iliyopita kwa fundi ni bora mara nyingi. Mwambie fundi abadilishe belti za mpira, asafishe hedi na ile rola ya mpira, na apime spidi. Wewe mwenyewe uwe na spiriti (isopropili ya asilimia 90 kwenda juu) na vijiti vya pamba, unasafisha hedi kila baada ya kanda chache, ukiona pamba inatoka ya kahawia ujue ilikuwa inahitajika.

Kuna skurubu ndogo pembeni ya hedi ambayo inarekebisha mkao wake. Kanda iliyorekodiwa kwenye redio ambayo hedi yake ilikuwa imeinama kidogo, ukiicheza kwenye deki nyingine inasikika kama mtu anaongea akiwa amefunikwa shuka. Ukigeuza hiyo skurubu kidogo kidogo huku unasikiliza herufi za "s" na "sh" zinafunguka, unaacha pale zinapokuwa kali kabisa. Kaa na fundi akuonyeshe mara ya kwanza, baada ya hapo utaweza mwenyewe, na hakuna kitu kinachobadilisha ubora wa nakala kwa gharama ndogo kama hiki.

Waya utoke kwenye matundu ya LINE OUT ya deki, yale mekundu na meupe, uingie kwenye kadi ya sauti ya nje ya USB, kisha laptopu. Tundu la maiki la laptopu liepuke, lina kelele na mara nyingi linachukua upande mmoja tu. Kama una redio kaseti yenye tundu la hedifoni tu, tumia hilo hilo, sauti weka nusu. Kuweka simu mbele ya spika na kurekodi hewani, hiyo fanya pale tu ambapo hakuna kabisa njia nyingine na mwenye kanda anasafiri kesho.

Hatua ya 5: Kurekodi

Programu ya Audacity ni ya bure na inatosha. Faili liwe WAV, si MP3, biti 24, na kilohezi 48 kwa uchache. Chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, IASA, kinapendekeza 96 kwa hifadhi ya kudumu, ukiwa na diski ya kutosha fanya hivyo. Kwa 48 saa moja ya stirio inakula kama GB 1, kwa 96 kama GB 2, kwahiyo unaweza kupiga hesabu mapema unahitaji diski ya ukubwa gani.

Muda pia piga hesabu. Kanda ya dakika 60 inachukua dakika 60 kuhamishwa, hakuna njia ya mkato, na hiyo bado kurudisha, kusafisha na kuandika. Gawaneni zamu, kazi hii mtu mmoja akiibeba anachoka anaiacha njiani.

Sauti iweke ili pale inapopanda sana isipite kama desibeli 6 chini ya kikomo, ikigonga juu inapasuka na hairekebishiki. Rekodi upande mzima toka mkanda unapoanza mpaka unapoisha, hata kimya, hata adhana inayosikika kwa mbali, jogoo, mtoto analia, na redio ya jirani. Usisafishe kelele kwenye faili mama, yaani lile WAV la kwanza ulilorekodi. Zile kelele ndo zinakuja kusaidia kujua ni wapi na lini, na kama unataka nakala safi ya kusikilizia tengeneza pembeni. Kama deki ina Dolby (mfumo wa kupunguza mvumo wa kanda) izime isipokuwa kanda yenyewe imeandikwa ilirekodiwa nayo.

Jambo moja wengi hawalijui: mtu aliyerekodi kwa betri zilizokuwa zinaisha, redio yake ilikuwa inazunguka polepole, kwahiyo ukiicheza leo kwenye deki yenye spidi sahihi sauti inatoka nyembamba na ya haraka, mzee wa miaka 70 anasikika kama kijana. Faili mama liache lilivyo, alafu kwenye nakala punguza spidi mpaka mtu anayemjua yule mzee aseme hapo ndo yeye.

Umeme ukikatika katikati rudia upande mzima, usiunganishe vipande.

Hatua ya 6: Nani anaongea?

Hapa usikae peke yako na hedifoni. Nenda na spika ndogo kwa wazee, wawili watatu kwa pamoja ikiwezekana maana mmoja akisema hili mwingine anakumbushwa lile, na wakibishana ndo unapata zaidi. Unasalimia vizuri, shikamoo, unakaa, unauliza hali, unapewa chai, hamna kukimbilia kubonyeza. Kisha unasema, "Bibi, tunaomba utusikilizie sauti hii, huenda ukaitambua." Usianze kwa kumwambia jina lililo kwenye kava, muache aseme mwenyewe kwanza. Na uwe umejiandaa kwamba anaweza kumsikia marehemu mumewe au mama yake hapo hapo. Zima, mpe muda wake, kama hataki kuendelea siku hiyo basi.

Washa simu urekodi kikao chenyewe, kwa ruhusa, kwa sababu maelezo yake juu ya kanda yatakuwa marefu kuliko kanda. Andika dakika na sekunde: 04:10 anaingia mtu wa pili, 11:35 anataja kisima, 19:00 wimbo. Uliza nani anaongea, nani anaitikia, ule mkohozi wa nyuma ni wa nani, nyumba ipi, shughuli gani, na nani mwingine alikuwepo na bado yuko hai.

Mwaka ndo unasumbua kuliko vyote, watu hawakumbuki tarehe ila wanakumbuka matukio, kwahiyo uliza kwa matukio. Ilikuwa kabla ya Operesheni Vijiji ya miaka ya 70 au tulishahamishwa? Kabla ya Vita ya Kagera, yaani 1978, au vijana walisharudi? Rais Mwinyi alishaingia madarakani? Sikiliza pia kilichomo ndani ya kanda, bei zinazotajwa, rais anayeombewa dua, kijana anayetajwa yuko darasa la ngapi, na kama nyuma inasikika redio inajitangaza Radio Tanzania Dar es Salaam hiyo nayo inakupunguzia miaka ya kubahatisha. Kaseti zenyewe Philips walizitoa 1963, hivyo mtu akikuambia kaseti hiyo ilirekodiwa sherehe za uhuru wa 1961, basi ama ni nakala ya tepu kubwa ama ni sherehe ya kumbukumbu ya miaka ya baadaye. Usimkatalie usoni, andika alichosema na wewe andika pembeni kwanini una wasiwasi.

Ukiandika maneno ya kanda yaandike yalivyosemwa. Mzee wa Mtang'ata, pwani ya Tanga, akisema kwa Kimtang'ata chake usimgeuze kuwa Kiswahili cha shule, ile lahaja yenyewe ni nusu ya historia, na majina ya mahali yaliyofichika humo, miti, vijia, bandari ndogo, makaburi, mengine hayamo kwenye ramani yoyote. Pangani kwa mfano bado kuna simulizi za vita ya Abushiri aliyenyongwa na Wajerumani hapo hapo mwaka 1889, na mtu aliyerekodiwa miaka ya 70 alikuwa anaweza kusema babu yangu aliona. Leo hakuna anayeweza kusema hivyo.

Kama unadhani nasisitiza mno, angalia mwaka 1968, wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walisambazwa vijijini kukusanya habari za vita ya Maji Maji. Aliyekuwa na miaka 15 vita ilipoanza 1905 alikuwa na 78 wakati huo. Wangechelewa miaka 20 wasingemkuta mtu. Sasa fanya hesabu hiyo hiyo kwa waliohamishwa na Operesheni Vijiji wakiwa watu wazima wenye nyumba na mashamba, uone tumebakiwa na muda gani.

Hatua ya 7: Ruhusa, na vitu visivyo vya kila mtu

Usipakie kitu mtandaoni kwa sababu tu umekiokoa wewe. Kuna kanda za unyago na nyimbo za kungwi ambazo hazikukusudiwa kusikilizwa na wanaume wala watoto, hizo zihamishwe na wanawake, zisikilizwe na wanawake, na wao ndo waamue zikae wapi. Kuna barua za sauti zenye siri za ndoa. Kuna mzee anataja mpaka wa shamba, na kanda hiyo ikitoka leo koo mbili zinaenda mahakamani.

Gawa mafungu matatu: ya wote, ya familia tu, na ya kufungwa mpaka muda fulani. Familia isaini au iseme kwa sauti ukiwa unarekodi. Sheria nazo zipo, Tanzania ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022, Kenya ya 2019, na nyimbo za vikundi zina hakimiliki hata kama kikundi kimekufa zamani. Lakini hata bila sheria, mtu aliyekupa sauti ya mama yake hutaki aikute kwenye video ya matangazo.

Hatua ya 8: Kuhifadhi

Nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja ikae mji mwingine. Diski mbili za nje na moja ya mtandaoni inatosha kuanzia. Flashi ni ya kubebea tu, si ya kuhifadhia, na WhatsApp inabana sauti kwahiyo usiitegemee kama ghala. Jina la faili liwe ile namba, upande na mwaka, na orodha yote iwe kwenye jedwali moja ambalo nalo linakaa pamoja na sauti kwenye kila diski. Mara moja kwa mwaka fungua ucheze chache toka kila diski.

Kanda zenyewe zirudi kwa wenyewe, na waambie wasitupe. Zisimamishwe wima kwenye makasha, pakavu, mbali na jua na mbali na spika kubwa kwa sababu ya sumaku.

Nakala nyingine peleka kwenye taasisi, Nyaraka za Taifa kwa bara, Nyaraka za Zanzibar kule Kilimani, TATAKI (taasisi ya Kiswahili) ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au RISSEA (taasisi ya utafiti wa Uswahili) kwa walio Mombasa. Peleka nakala, si asili pekee uliyonayo, na mwandikishane nani ataruhusiwa kusikiliza. Na ulizia upande wa pili pia, kama kwenu walipita watafiti. Karl Weule alirekodi kusini ya Tanganyika kwa silinda za nta, njia ya kurekodi ya kabla ya tepu, mwaka 1906 na sauti hizo ziko Berlin mpaka leo, Hugh Tracey alipita Kenya na Tanganyika mwaka 1950 na rekodi zake ziko Afrika Kusini kwenye ILAM, maktaba ya muziki wa Kiafrika, na nyingine zimesharudishwa kwa Wakipsigis kule Kenya. Barua pepe moja yenye jina la kijiji, kabila na mwaka unatosha kuanzia.

Hatua ya 9: Zirudi masikioni mwa watu

Kwa zile zilizoruhusiwa tengeneza MP3, gawa kwa memori kadi, peleka shuleni, na ongea na redio jamii ya karibu, Pangani FM, Micheweni kule Pemba, au yoyote iliyo kwenu, wapange nusu saa kwa wiki na mzee mmoja studio wa kueleza kinachosikika. Toeni namba ya simu hewani mara mbili, mwanzo na mwisho. Siku inayofuata mwekeni mtu mmoja mwenye daftari, kalamu na zile karatasi za mapokezi kwa sababu watakuja watu na mifuko ya kanda, na wengine watakuja hawana kanda ila wanamjua yule aliyekuwa anakohoa.